Mbegu za Maua ya Asili ya Kudumu Zinapogoma: Dalili, Visababishi na Tiba

Anayeanzisha bustani yake ya kwanza kwa mbegu za maua ya asili ya kudumu aghalabu huwa na mazoea ya mbegu za mboga, ambazo nyingi huota ndani ya siku 5 hadi 14 baada ya kupata maji na joto. Mbegu za mboga zimechujwa na wakulima kwa vizazi vingi, na ile iliyochelewa kuota haikupata nafasi ya kuvunwa. Mmea wa porini haukupitia mchujo huo. Kwake, mbegu zote kuota siku moja ni hatari kubwa, kwa sababu ukame wa wiki moja au baridi ya ghafla ingefuta kizazi kizima, na ndiyo maana mbegu zake hujizuia, huota kwa zamu, na nyingine hukaa ardhini miaka kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale ambayo mgeni huyaita matatizo ni mmea kufuata kalenda yake, na sehemu iliyobaki ni madhara ya maji na mbolea iliyotolewa kwa nia njema. Kabla ya kutibu chochote, inafaa kujua kama kilicho mbele yako kinasubiri, kinaumwa au kimekufa, na hilo hujulikana kwa kufukua na kutazama.

Wiki zimepita na hakuna kilichoota

Usiongeze maji, wala usimwage udongo. Chukua kijiti, fukua mbegu nne au tano, zisuuze, kisha uzibonyeze kwa ukucha. Hali utakayozikuta nayo ndiyo itakayokuelekeza kwenye kisababishi, na tiba ya hali moja inaweza kuiua mbegu iliyo katika hali nyingine.

Ukizikuta ngumu na kavu ndani, zenye ukubwa uleule wa siku ulipozipanda, maji hayajapenya. Hili ni jambo la kawaida kwa mimea ya jamii ya kunde, kama vile Lupinus na Baptisia, na kwa jamaa za Hibiscus, ambazo ganda lake halipitishi maji mpaka likwaruzwe na mchanga, lipasuliwe na joto au lichakae kwa muda. Jaribio la kuthibitisha ni jepesi: loweka mbegu kwa saa 24, na zilizovimba zipandwe mara moja. Zilizobaki kama zilivyokuwa zisuguliwe kwa msasa upande ulio mbali na lile kovu dogo ambapo mbegu ilishikana na ganda la tunda, kwa kuwa kiini hukaa karibu na kovu hilo. Sugua mpaka rangi ya ganda ipauke tu. Ukiona weupe wa ndani, umepitiliza. Wengine humwagia maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni na kuziacha zipoe humo usiku kucha, njia inayofaa kwa mbegu nyingi za jamii ya kunde, ingawa mimi huuamini msasa zaidi kwa sababu mkono huona unachokifanya.

Ukizikuta zimevimba, ni imara, na ndani ni nyeupe na safi, basi mbegu ni hai na ina maji ya kutosha, ila imo katika ubwete, yaani usingizi unaoizuia kuota hata ikiwa na maji na joto. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema mno, na hapa ndipo inapofaa kuisoma mbegu kwa kufuata asili yake. Mmea unaotoka penye majira ya baridi kali hudondosha mbegu kabla ya baridi, na kama mbegu hizo zingeota papo hapo, miche ingekufa kwa jalidi. Kizuizi kilichomo ndani ya kiini huondoka baada tu ya mbegu kukaa kwenye unyevu na baridi kwa muda. Kwa mimea mingi ya namna hiyo, nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi kwa siku 30 hadi 90 zinatosha: Asclepias syriaca huhitaji takriban siku 30, ilhali Echinacea pallida huhitaji siku 60 hadi 90. Changanya mbegu na mchanga uliolowa kiasi kwamba ukiukamua hautoi tone, utie kwenye mfuko wenye jina la mmea na tarehe, kisha uweke mfuko kwenye jokofu, mbali na sehemu ya kugandishia.

Kuna kosa moja ambalo hurudiwa sana katika hatua hii. Mtu huiweka pakiti ya mbegu kavu kwenye jokofu kwa miezi mitatu, huipanda, haioti, naye husema kwamba baridi haikusaidia. Mbegu kavu kwenye baridi imehifadhiwa tu, kwa sababu mabadiliko yanayoondoa ubwete hufanyika ndani ya chembe hai zilizokwisha kunywa maji. Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kuipa baridi mbegu isiyoihitaji. Mmea wa asili wa ukanda wa joto haujui majira ya baridi, na wiki nane za jokofu zinaweza kuuozesha. Mbegu za namna hii huenda zikahitaji kukaa kavu mahali penye joto kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, kama ambavyo zingekaa ardhini wakati wa kiangazi, au zikahitaji moshi. Mnamo 1990, De Lange na Boucher walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba moshi huamsha mbegu za Audouinia capitata, kichaka cha Afrika Kusini, na mwaka 2004 ikatambuliwa kemikali iliyomo ndani ya moshi inayofanya kazi hiyo. Tangu hapo imebainika kwamba mimea mingi ya mahali panapoungua mara kwa mara, hasa Afrika Kusini na Australia ya Magharibi, huitikia maji yaliyopitishiwa moshi. Kanuni ya kufuata, basi, ni kuuliza mbegu hii ingepitia nini kati ya siku ya kudondoka na siku ya kuota kama isingeokotwa, kisha kuipitisha huko.

Baadhi ya mimea hudai zaidi ya hayo. Trillium kwa kawaida hutoa mzizi baada ya baridi ya kwanza na jani baada ya baridi ya pili, hivyo trei yake inaweza kuonekana tupu kwa mwaka mzima huku kazi ikiendelea chini. Nami niliwahi kumwaga trei ya Penstemon kwenye lundo la mboji baada ya wiki sita za kungoja. Majira yaliyofuata, baada ya baridi kupita, lundo lile lilijaa miche yake kuliko kitalu chochote nilichokuwa nacho.

Ikiwa mbegu ni ndogo kama vumbi, shuku mwanga kwanza. Mbegu za Lobelia cardinalis na za aina nyingi za Campanula huhitaji mwanga ili ziote, kwa kuwa mbegu yenye akiba ndogo hivyo haiwezi kusukuma chipukizi kutoka chini sana. Hizi hazifukiwi, hunyunyizwa juu ya udongo uliolowa, zikabonyezwa kwa kiganja au kibao, na trei ikawekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutokea chini. Mbegu kubwa zaidi hufukiwa kwa kina cha mara moja au mbili ya unene wake. Mbegu iliyozama sentimita tatu kwa sababu maji ya bomba yaliifukia, isipoota, kosa si lake.

Mbegu iliyo laini, inayotoa uji ikibonyezwa, imeoza. Swali lililobaki ni kama iliuawa na maji au ilipandwa ikiwa tayari imekufa. Kata mbegu kadhaa za pakiti ileile ambazo hukuzipanda: ndani pakiwa na kiini cheupe kinachojaza ganda, mbegu ilikuwa na nafasi, na lawama iende kwenye udongo uliotuamisha maji. Pakiwa na utupu, unga wa kahawia au kiini kilichosinyaa, hapakuwa na cha kuota. Jamaa za alizeti hutoa maganda matupu mengi, na mtu anayevuna mwenyewe kwa mara ya kwanza huweza kujaza bahasha nzima kwa makapi bila kujua. Jaribio linalopendekezwa mara nyingi, la kuzifungia mbegu 20 kwenye karatasi yenye unyevu na kuhesabu zilizoota, ni zuri kwa mbegu zisizo na ubwete au zilizokwisha kupewa baridi yake, lakini kwa mbegu bwete litakupa sifuri hata kama zote ni hai. Kumbuka pia kwamba mbegu chache haziruhusu kukaushwa kabisa: Clivia, Trillium na Sanguinaria hupoteza uhai au hurudi kwenye ubwete mzito zaidi zikihifadhiwa kavu, hivyo pakiti kavu iliyosafirishwa kwa miezi haikuwa na matumaini tangu mwanzo.

Na usipoikuta mbegu kabisa, tafuta njia ya sisimizi, nyayo za ndege au mifereji midogo ya maji juu ya kitalu. Wavu wenye matundu madogo uliowekwa siku ya kupanda huondoa mjadala huo.

Kimeota, lakini hujui ni nini

Udongo wa bustani mpya una mbegu za magugu ambazo huamka mara tu jembe linapozipa mwanga, nazo huota mapema kuliko ulizopanda. Mgeni hung'oa maua na kuyatunza magugu, na si kwa uzembe, kwani majani mawili ya mwanzo ya mmea mara nyingi hayafanani hata kidogo na majani ya baadaye yaliyo kwenye picha. Njia ninayoiona bora ni kupanda mbegu chache za kila aina kwenye kopo lenye udongo safi, siku ileile unayopanda kitaluni. Kitakachoota kwenye kopo hilo ndicho kielelezo chako, na kitaluni using'oe kitu mpaka ulinganishe. Panda kwa mstari, usimwage ovyo, kwa sababu magugu hayaoti kwa mstari.

Miche inaanguka

Mche uliokuwa wima jana na leo umelala, shina likiwa limenyongwa na kuwa jembamba na lenye majimaji pale linapogusana na udongo, una kinyaushi. Husababishwa na vimelea vya udongoni, wakiwemo Pythium na Rhizoctonia, ambao hustawi penye maji mengi, hewa iliyotuama na miche iliyosongamana. Mche ulioanguka hauokolewi. Uondoe pamoja na udongo unaouzunguka, fungua kifuniko cha trei, punguza miche iliyobaki, acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, na maji yaingie kutokea chini. Kwa mara nyingine tumia vyombo vilivyooshwa na udongo mpya, na funika mbegu kwa tabaka jembamba la mchanga mkavu wa chembe kubwa, ambalo huweka shingo ya mche mbali na unyevu.

Kabla ya kuhukumu, lakini, chunguza shina. Likiwa limekatwa moja kwa moja kama kwa mkasi, aliyefanya hivyo ni sota, kiwavi anayejificha sentimita chache chini ya udongo mchana, na ukichimba kidogo kuzunguka mche utamkuta amejikunja. Majani yakiwa yametobolewa, na kuna ute unaong'aa, ni koa au konokono. Watafute usiku kwa tochi. Shina likiwa zima na udongo mkavu, mche una kiu tu, nao huinuka saa chache baada ya kunyweshwa.

Miche ni mirefu, myembamba na imeegemea upande mmoja

Mwanga hautoshi. Dirisha linaloonekana kuwa na mwanga mwingi kwa jicho la binadamu humpa mche sehemu ndogo tu ya mwanga wa nje. Utoe nje taratibu, au uuwekee taa sentimita 5 hadi 10 juu yake, ikiwa ni taa isiyotoa joto kali, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Joto likizidi huku mwanga ukiwa hafifu, urefu huongezeka zaidi, kwa hiyo chumba chenye ubaridi kidogo ni afadhali.

Majani ni manjano au yamekunjamana

Rangi ya manjano ni dalili yenye visababishi vingi, na kuijibu kwa mbolea papo hapo ni kubahatisha. Chomoa mche mmoja uliodhoofika utazame mizizi. Ikiwa ya kahawia, laini, na ngozi yake inachomoka ukiivuta, udongo umekosa hewa kwa wingi wa maji, na mbolea itaongeza madhara. Mizizi ikiwa myeupe na yenye afya, angalia ni majani gani yaliyoathirika: manjano yanayoanzia majani ya chini mara nyingi huashiria upungufu wa nitrojeni, ilhali majani machanga yaliyopauka huku mishipa ikibaki kijani huelekeza kwenye upungufu wa chuma, ambao mara nyingi hutokana na udongo wenye chokaa nyingi. Hata panapohitajika chakula, mimea mingi ya asili hutosheka na kidogo. Ukiilisha kama nyanya itarefuka, italegea na kuanguka upepo wa kwanza, kisha vidukari watafuata majani hayo laini.

Majani machanga yaliyojikunja kama kikombe au kujisokota, hasa baada ya kuweka samadi au mboji iliyotoka nje, yanastahili uangalifu wa pekee. Kuna dawa za magugu, aminopiralidi ikiwa mojawapo, zinazopulizwa kwenye malisho ili kuua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Mnyama hula nyasi hizo, dawa hupita tumboni bila kuvunjika, na samadi yake huwa nayo hata baada ya kuozeshwa kwa miezi. Maua mengi ya kudumu ni mimea ya majani mapana, na kunde ni dhaifu zaidi mbele ya dawa hii. Kwa hiyo jaribu samadi yoyote usiyoijua: panda maharage kwenye makopo matatu yaliyochanganywa nayo na matatu yasiyo nayo, ngoja wiki tatu au nne, kisha linganisha majani. Ukiwa umekwisha kuichanganya kitaluni, ondoa miche unayoweza kuiokoa, pindua udongo mara kwa mara ili vijidudu vya udongoni viivunje dawa hiyo, na usitumie udongo huo kuoteshea mbegu mpaka maharage yamee humo bila dosari.

Ilikuwa mizuri, ikanyauka baada ya kupandikizwa

Majani yaliyobadilika kuwa meupe au ya rangi ya fedha ndani ya siku mbili yameungua kwa jua. Mche uliokulia ndani huhitaji siku 7 hadi 10 za kuzoeshwa, ukianza na saa moja kivulini. Majani yaliyolegea bila kubadilika rangi yanaonyesha mizizi iliyokatika, na hapo aina ya mmea ina maana kubwa. Asclepias tuberosa, Baptisia na Lupinus huteremsha mzizi mkuu mrefu mapema, nao ukivunjika mmea huchukua muda mrefu kupona au hufa. Hizi zipandwe moja kwa moja mahali pa kudumu, au kwenye vyombo virefu, na zihamishwe zikiwa na majani manne au sita tu. Hamisha jioni au siku ya mawingu, na usiufanye udongo kuwa tope kwa huruma.

Ina afya, ila haitoi maua

Mwaka wa kwanza hili si tatizo. Mmea wa kudumu hujenga mizizi kwanza, na shada dogo la majani lisilozidi kiganja linaweza kuwa na mizizi mirefu mara kadhaa ya kimo chake. Rudbeckia hirta huweza kuchanua mwaka wa kwanza. Echinacea purpurea kwa kawaida huchanua mwaka wa pili. Liatris huchukua miaka miwili au mitatu. Baptisia mitatu au zaidi. Na Trillium huweza kufika saba. Zaidi ya hapo, baadhi ya mimea haifungui vichipukizi vya maua mpaka mmea wenyewe, si mbegu tu, upitie majira ya baridi.

Ikiwa umri umefika na bado hakuna ua, hesabu saa za jua la moja kwa moja, kwa kuwa mmea wa mbugani unaopata chini ya saa sita mara nyingi hutoa majani tu. Kisha jiulize kama ulikata ncha wakati vichipukizi vilikuwa vikiundwa, na kama udongo una nitrojeni nyingi kupita kiasi. Na likichanua ua lisilofanana na la mzazi, mbegu huenda ilitoka kwa chotara au kwa aina iliyochavushwa na jirani yake, jambo ambalo hakuna utunzaji unaoweza kulibadilisha.

Imetoweka

Majani ya mimea mingi ya kudumu hufa baridi inapoingia au kiangazi kinapokolea, na sehemu iliyo hai hubaki chini ya ardhi. Fukua taratibu kwa vidole mpaka ufikie shingo ya mmea. Ikiwa imara, na ukiikwaruza kidogo unakuta weupe au ukijani, irudishie udongo uiache. Ikiwa imebonyea na kunuka, imeoza, na mara nyingi chanzo ni maji yaliyotuama au matandazo yaliyorundikwa juu yake. Sogeza matandazo sentimita chache mbali na mashina ya mimea iliyobaki. Asclepias tuberosa huchelewa sana kuchomoza, kiasi kwamba wengi hupanda mmea mwingine juu yake, na jembe likakata mzizi uliokuwa mzima. Baadhi ya aina, Rudbeckia hirta ikiwemo, huishi miaka michache tu hata zikitunzwa vyema, na hubaki bustanini kwa kujipanda upya, kwa hiyo acha vichwa kadhaa vikomaze mbegu. Kila mmea uchomekewe kijiti chenye jina lake ungali na majani, kwa kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu nyingi hufutika juani kabla mmea haujarudi.